Faili la Ijumaa

Sheria ilikuwa moja: ugonjwa wa mtu ukishafungwa kwenye mtandao wa bima kuwa umepona, hakuna hospitali inayoruhusiwa kuutibu tena mpaka mwaka upite. Mwasiti, karani wa madai, aliijua vizuri. Lakini kila Ijumaa mtandao ulikataa madai ya mafaili yaliyobaki wazi, kwa hiyo makarani walizoea kubofya "amepona" kwa wagonjwa wote waliosalia, bila kusoma majina.

Ijumaa hiyo naye alibofya wote. Alipofika nyumbani, alimkuta mama mkwe wake kitandani, miguu iliyovimba juu ya mto, simu mkononi.

"Mwanangu, bima wamenipongeza. Wanasema figo zimepona. Kumbe kesho siendi tena kusafishwa damu?"

Mwasiti alivua viatu polepole.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kesho utapumzika."