Mfuko wa Fundi Shekue

Kila uzi ulipokatika, mkono wa fundi Shekue ulijiendea wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kikopo cha ugoro. Alishaapa mara nne kuacha. Juzi alitupa kikopo chooni. Jana akanunua kingine.

"Mimi si mtu! Nimelaaniwa!" alifoka, akapiga meza ya cherehani.

"Hujalaaniwa, Baba Mwanaidi," mkewe alijibu huku akipiga pasi. "Kila siku unagombana na moyo wako bure. Kinachokwenda mfukoni ni mkono."

Shekue alimkodolea macho. Akavua shati kwa hasira, akaushona mdomo wa mfuko, kikopo kikiwa humo humo ndani, akalivaa tena.

Uzi ukakatika. Vidole vikagonga mshono, vikarudi. Ukakatika tena, vikagonga tena, naye akatukana. Hadi adhuhuri alikuwa ametukana mara kumi na moja.

Mara ya kumi na mbili hakutukana. Mkono uliinuka, ukasimama hewani, katikati ya wembe wa kufumulia nguo na sindano iliyokuwa ikisubiri uzi.