Kupe wa Kwapani

Mama mkamuaji aliegemea ukuta wa zizi, akainua mkono, akambana kupe kwapani kwa kibano chake cha nyusi. Alimvuta polepole bila kumponda, mpaka akatoka mzima, kichwa na yote, miguu ikichezacheza. Akamtia kwenye kichupa.

"Mtupe huyo!" alifoka tajiri yake. "Ndama wangu wamekufa kwa uzembe wako. Shamba langu halina kupe."

Mama alikifunga kichupa. Alishika njia ya maabara ya mifugo, tajiri nyuma yake akibwata mwendo mzima.

Mpimaji aliinamia hadubini kwa muda mrefu.

"Huyu ni kupe wa masikio, yule wa kahawia," alisema mwishowe. "Ndiye anayewaambukiza ng'ombe ndigana kali. Umemtoa wapi, dada?"

"Akilitaja shamba langu, kesho asikanyage kwangu," tajiri alisema.

Kwapa lilikuwa bado linamwasha. Mama alimkumbuka ndama wa mwisho, alivyomfia mapajani akihema, povu puani.

"Andika, kaka," alisema, akaanza kulitaja jina la shamba herufi moja moja. "Nikikosea, bosi huyu hapa, atanisahihisha."