Glasi ya Pili Hombolo

Siku hizo, ukila au ukinywa chochote matembezini, maji yaliyotumika kukilima yalikatwa kwenye bomba la nyumbani kwenu. Foibe alilijua hilo, lakini alikuwa hajatoka miaka mingi, na mashamba ya zabibu ya Hombolo yalipendeza mno. Alichuma vichala, akavua viatu, akakanyaga zabibu pipani huku akicheka kama mtoto, kisha akaketi kivulini kuonja mvinyo. Glasi ya kwanza aliitemea kwenye ndoo kama wageni wengine, akidhani ameokoa maji ya kwao.

"Wapi, dada!" alisema Nyemo, msichana aliyekuwa akiwatembeza. "Yanakatwa ukishamiminiwa. Glasi moja ni ndoo sita."

Na glasi ya pili ilikwisha kumiminwa.

Foibe akapiga simu kwao Singida.

"Shikamoo, mama. Maji yapo?"

"Marahaba, mwanangu. Yamekatika sasa hivi tu, namwogesha baba yako." Baba alikuwa hajiwezi tangu alipopooza. "Nimeshampaka sabuni mwili mzima. Usijali, nitamfuta na kanga. Huko kuzuri?"

"Kuzuri, mama."

Nyuma ya sauti ya mama, baba alikuwa akilalamika kwamba macho yanamwasha.

Foibe akakata simu, akautazama ule mvinyo. Kuumwaga kusingerudisha hata tone. Akaunywa polepole mpaka ukaisha, na kilichomuuma zaidi ni kwamba ulikuwa mtamu.