Dole Gumba la Mama Bujiku

Sindano mbili za magnesiamu, moja kila tako, zilikuwa zimekituliza kifafa cha mimba. Mkamwana wa Mama Bujiku alilala kimya kitandani, ulimi umeng'atwa, vumbi la lori la kijiji cha ujamaa bado limemganda kwenye nywele.

Nesi alimgonga gotini kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka kidogo.

"Vizuri. Mguu usiporuka, dawa imezidi; siwezi kumwongezea," alisema, kisha akaubonyeza muundi wa mgonjwa kwa dole gumba.

Alipoliondoa, shimo likabaki palepale, kama kwenye tonge la ugali linalosubiri mchuzi.

Mama Bujiku alilijua shimo lile. Wiki tatu nzima, kule Usangu, alikuwa akilibonyeza yeye mwenyewe kisimani, mbele ya wanawake wenzake. "Oneni mguu unavyobonyea. Nyie wakamwana wenu mnawalisha nini?" Wenzake walicheka, lakini wivu ulionekana machoni mwao. Na mkamwana aliposema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, alimjibu kwamba mtu akinona, uvivu nao haumkosi.

"Mama," nesi aliuliza, kalamu juu ya karatasi, "uvimbe huu mliuona lini?"

Mama Bujiku aliutazama mguu. Shimo lilikuwa bado halijajaa.

"Leo asubuhi," alisema, na dole gumba lake akalifumbata ndani ya kiganja.