Paa Angavu la Nasoro

Sheria mpya ilitaka kila abiria aonekane na kamera za serikali kutoka angani, kwa hiyo Nasoro aling'oa turubai la gari lake dogo la mbio. Kwa wiki tatu alipinda plastiki angavu kwa moto, akaitia mpira pembeni na makomeo manne, ikawa paa la kubandika na kubandua. Kisha akamwita mkewe, Saumu, waende kulijaribu.

Saumu alipanda akiwa amejifunika khanga gubigubi. Kabla hawajafika barabara kuu, sauti ya walinzi wa kamera ikatoka kwenye dashibodi: "Abiria, funua uso."

"Sifunui," alisema Saumu. "Waambie, baba Zaina, mimi si samaki wa kwenye chupa."

Nasoro alinyoosha mkono, akaishusha khanga.

"Simamisha gari," Saumu alisema. "Wao wameamuru tu. Aliyenifunua ni wewe."

Akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu. Sauti ikamshukuru Nasoro kwa ushirikiano wake.