Tone la Rangi ya Kucha

Meneja wa gereji ya kampuni ya magari alikuwa akiuchezesha ufunguo wa lori kidoleni. Alisema pampu ya maji iliyomkwamisha baba na binti yake njiani imebadilishwa, na iliyofungwa sasa ni mpya kutoka kiwandani.

"Kwa bei hii si ningenunua lori jingine," baba alisema.

"Mzee, spea halisi hazina huruma. Ukitaka za bure, nenda kwa mafundi wa vichochoroni."

Mafundi wake wawili wakacheka. Nyuma ya lori, nyanya zilikuwa zimeanza kuchuruzika hadi sakafuni. Baba akatoa pesa yote ya safari, pamoja na ya wakulima wenye nyanya.

Binti yake, ambaye huona haya hata kudai chenji yake dukani, aliinama juu ya injini. Mpira mmoja wa kupitisha maji ulikuwa mpya. Pampu yenyewe ilikuwa imesuguliwa tu ikang'aa, na kando ya bolti ya chini palikuwa na tone dogo la rangi nyekundu ya kucha.

Enzi za uhai wake, mama alitia tone kama hilo kwenye kila spea ya lori lao, ili mafundi wasiwaibie. Baba alikuwa akimtania sana.

Binti akaligusa lile tone. Masikio yakamwaka moto.

"Baba, rudisha hela mfukoni." Sauti ilitetemeka, lakini haikukatika. "Meneja, njoo unioneshe hii pampu mpya ilipakwa rangi na nani. Na hao wanaocheka, waje pia."