Mlango wa Nyuma

Nyumba ya karatasi ilisimama uani, ikingoja kuchomwa ili imfikie marehemu huko aliko. Ilikuwa na vigae vyekundu, birika la chai, hata kandambili kizingitini. Suyin, mjane wake, aliibandika mwenyewe kwa uji wa mchele.

Mama mkwe akaleta mwanasesere wa karatasi, mwanamke mwenye doa jeusi shavuni, pale pale Suyin alipokuwa na doa lake.

"Mwanangu asikae peke yake. Ukishakwenda huko kwake, hutaolewa tena."

"Lakini mimi ni mzima, mama!"

"Ndiyo maana nimekuchora ukicheka."

Mama mkwe akamketisha mwanasesere sebuleni mwa nyumba ya karatasi, akaugandisha mlango wake kwa uji, akaenda jikoni kufuata kiberiti. Suyin akanyakua mkasi, akakata kijimlango upande wa nyuma.

Mama mkwe akarudi, akawasha; moto ukashika. Paa lilipoporomoka, joto likamsukuma mwanasesere nje kwa nyuma, pindo la gauni likifuka moshi, akaangukia miguuni pa Suyin. Suyin akamfunika kwa kiatu.

"Vimeungua vyote, binti yangu?" mama mkwe aliuliza, akifuta machozi ya moshi.

Suyin hakuinua mguu. Soli ya kiatu chake ilikuwa inaanza kupata moto.